Palais Garnier, jumba la opera la Paris: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasafiri wengi wanaofika Paris hulipiga picha jumba hili kutoka ng'ambo ya barabara, wakaridhika, wakaenda zao. Wanakosa mengi. Majibu yaliyo hapa chini ni ya mtu anayetaka kuingia ndani, na pia ya yule ambaye hana safari yoyote karibuni lakini anapenda kujua namna jengo kama hili lilivyosimamishwa, nani alilipia, na nani aliumia.

Palais Garnier ni nini hasa?

Ni jumba la opera na baleti lililo katikati ya Paris, mwisho wa barabara pana ya Avenue de l'Opéra. Lilifunguliwa tarehe 5 Januari 1875. Kwa zaidi ya karne moja wenyeji waliliita Opéra tu, kwa kuwa ndilo lililokuwa jumba kuu la sanaa hiyo mjini. Mwaka 1989 ulipozinduliwa ukumbi mwingine mkubwa, Opéra Bastille, ikabidi majengo hayo mawili yatofautishwe, na jina la msanifu wa hili la zamani, Charles Garnier, likashika.

Taasisi yenyewe, Opera ya Paris, ni kongwe kuliko majengo yote mawili. Ilianza mwaka 1669 kwa idhini ya Mfalme Louis XIV, ikahamahama kumbi nyingi kabla ya kutua hapa. Siku hizi Bastille, yenye viti zaidi ya 2,700, hubeba sehemu kubwa ya opera, na Garnier huonyesha baleti kwa wingi pamoja na opera kadhaa kila msimu.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika tangu mwanzo, kila kona ya jumba hili itakueleweka: lilijengwa ili watazamaji watazamane. Waimbaji na wachezaji wana jukwaa lao, lakini ngazi, roshani na sebule ni majukwaa pia, na waliopanda juu yake walikuwa matajiri wa Paris.

Wazo la kulijenga lilitoka wapi?

Lilitokana na mabomu. Jioni ya tarehe 14 Januari 1858, Kaisari Napoleon III na mkewe Eugénie walikuwa wanawasili kwa gari la farasi kwenye ukumbi wa opera wa wakati huo, ulioko mtaa wa Le Peletier. Felice Orsini, mwanamapinduzi wa Kiitalia, na wenzake wakarusha mabomu matatu katikati ya umati. Watu 8 walikufa na zaidi ya 140 wakajeruhiwa. Kaisari na mkewe walinusurika chupuchupu, wakaingia ndani, na onyesho likaendelea.

Ukumbi ule wa Le Peletier ulikuwa umejengwa mwaka 1821 kwa matumizi ya muda tu, tena ulikuwa umebanwa na mitaa myembamba ambamo yeyote angeweza kumvizia mtawala. Ikaamuliwa pajengwe jumba jipya, mahali palipo wazi, lenye mlango wa Kaisari peke yake.

Mlango huo upo mpaka leo, na mimi humwambia kila anayekwenda auone kabla ya kitu kingine. Nenda upande wa magharibi, Rue Scribe. Utaona njia mbili za mteremko zikipanda kwa kujipinda hadi kwenye ukuta wa jengo. Zilitengenezwa ili gari la Kaisari lipande moja kwa moja mpaka mlangoni, asikanyage barabara hata kidogo. Sasa sogea karibu utazame mawe. Mengine yamechongwa vizuri, na mengine yameachwa ghafi, na makovu ya msumeno bado yanaonekana. Mafundi waliacha kazi pale kwa sababu mwenye mlango hakuwapo tena: utawala wake ulianguka mwaka 1870, naye akafia uhamishoni Uingereza Januari 1873. Hakuwahi kuutumia mlango aliojengewa.

Charles Garnier alikuwa nani?

Mtoto wa fundi wa chuma. Alizaliwa Paris mwaka 1825, akasoma usanifu, na mwaka 1848 akashinda tuzo ya Roma iliyompeleka Italia kwa masomo. Alirudi na kichwa kilichojaa mahekalu na makanisa, lakini kwa muda mrefu hakupata kazi yoyote kubwa.

Mwishoni mwa 1860 serikali ilipotangaza shindano la kubuni jumba la opera, michoro 171 iliwasilishwa. Mmoja wa washindani alikuwa Eugène Viollet-le-Duc, aliyekuwa maarufu na mwenye kupendwa na Malkia Eugénie. Viollet-le-Duc aliondolewa raundi ya kwanza. Garnier akapita, akawa miongoni mwa wachache wa mwisho, na mwaka 1861 akachaguliwa kwa kauli moja. Alikuwa na miaka 35, na karibu hakuna aliyemjua.

Inasimuliwa kwamba Malkia, akiwa bado na kinyongo, alimuuliza huu ni mtindo gani, maana si wa Kigiriki wala si wa mfalme yeyote wa zamani. Garnier akamjibu kwamba ni mtindo wa Napoleon III mwenyewe. Jibu hilo lina ukweli. Jumba hili linachanganya kila kitu, nguzo za Kirumi, nakshi za Kiitalia, fahari ya makasri ya Ufaransa, na chini ya mawe hayo yote kuna mifupa ya chuma ambayo Garnier aliificha kwa makusudi. Wapo wanaoona amezidisha. Mimi naona alijua hasa alichokuwa anafanya: alimpa kila mtu aliyeingia sura ya mgeni wa kifalme.

Je, kweli kuna ziwa chini ya jengo?

Ziwa hapana, maji ndiyo. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 21 Julai 1862, lakini kabla ya hapo mafundi walikuwa wamekutana na tatizo. Jukwaa lilihitaji shimo lenye kina kirefu sana, kwa sababu mandhari na mitambo hushushwa chini yake, na kila walipochimba maji ya ardhini yalijaa. Pampu za mvuke zikafanya kazi usiku na mchana kwa miezi mingi, na bado maji hayakukatika.

Garnier akaacha kushindana nayo. Akajenga msingi wa kuta mbili, na ndani yake tangi kubwa la mawe na saruji ambalo maji yake husukumana na yale ya nje, hivyo jengo likatulia. Tangi hilo lipo mpaka leo, lina matao chini kwa chini, giza tupu, na kikosi cha zimamoto cha Paris kimekuwa kikilitumia kwa mazoezi ya kupiga mbizi. Watalii hawashuki huko. Huko ndiko ilikozaliwa hadithi ya ziwa, na baadaye mwandishi Gaston Leroux akaitumia katika riwaya yake ya mzuka anayeishi ndani ya jumba la opera.

Kwa nini ujenzi ulichukua karibu miaka 14?

Pesa na vita. Sehemu ya mbele ilifunuliwa mwaka 1867, Paris ilipoandaa maonyesho ya kimataifa, na wageni wakadhani kazi imekaribia kwisha. Ndani kulikuwa bado. Mwaka 1870 vikaja vita kati ya Ufaransa na Prussia, jiji likazingirwa, na jengo ambalo halijakamilika likageuzwa ghala la vyakula. Baada yake ukaja uasi wa Komuni ya Paris mwaka 1871. Utawala uliolianzisha jumba ulikuwa umeondoka, na serikali mpya ya jamhuri haikuwa na hamu ya kumalizia kasri la Kaisari.

Kilichowasukuma ni moto. Mwishoni mwa Oktoba 1873 ule ukumbi wa Le Peletier uliteketea kabisa, na Opera ikabaki bila nyumba. Garnier akapewa fedha na amri ya kuharakisha. Gharama yote ilifika takriban faranga milioni 36.

Usiku wa ufunguzi ulikuwaje?

Rais Mac-Mahon alikuwapo, Meya wa London alikuja na msafara wake, wakuu wa nchi mbalimbali walijaa. Garnier, mtu aliyeitoa miaka yake kwa jengo hilo, hakualikwa kama mgeni wa heshima. Ilimbidi alipie faranga 120 ili apate nafasi ghorofa ya pili ya ukumbi. Wanaoisimulia habari hiyo huongeza kwamba alipokuwa anashuka ngazi kuu mwishoni, umati ulimshangilia. Nami naamini ngazi zile zilimstahili yeye kuliko mwingine yeyote usiku ule.

Kwa nini ngazi kuu inasifiwa kuliko jukwaa?

Kwa sababu Garnier aliifanya kitovu cha jengo. Unapoingia kutoka ukumbi wa mbele, ambao ni wa chini na wenye mwanga wa wastani, ghafla dari linakimbia juu hadi mita 30 na ngazi inafunguka mbele yako, pana, kisha inagawanyika kushoto na kulia. Kila upande kuna roshani, na roshani hizo zipo ili watu wasimame wakitazama wanaopanda. Mabibi waliovaa magauni marefu walipanda polepole kwa sababu walijua macho yako juu yao.

Tazama vifaa vyenyewe. Vidato ni vya marumaru nyeupe, nguzo ndogo za ukingo ni za marumaru nyekundu, tako lake ni la kijani kutoka Sweden, na mahali mkono unaposhika ni oniksi kutoka Algeria. Ishike oniksi hiyo ukipanda. Ni baridi, laini, na ndani yake mna mishipa ya rangi kama asali. Algeria wakati huo ilikuwa koloni la Ufaransa, na utajiri wa ardhi yake ulisafirishwa mpaka hapa. Waongozaji wengi hutaja jiwe na rangi yake, wakalipita hilo la ukoloni.

Juu ya ngazi utafika sebule kuu, yenye urefu wa mita 54 na kimo cha mita 18. Dari lake lilichorwa na Paul Baudry kwa miaka mingi. Vioo na madirisha vinakabiliana, kwa hiyo chumba kinaonekana kikubwa maradufu, na mwanga wa mchana ukiingia kutoka upande wa barabara dhahabu yote inawaka. Rangi zilikuwa zimefifia kwa moshi na vumbi. Matengenezo yaliyokamilika 2004 yalizirudisha.

Kabla ya kutoka, shuka kwenye chumba cha mviringo kilicho chini ya ukumbi, kilichokuwa cha kupokelea wenye tiketi za msimu. Inua macho katikati ya dari. Katika nakshi zinazozunguka kama mizabibu kuna herufi, na ukizifuata kwa subira utasoma jina la Garnier mwenyewe na miaka 1861 hadi 1875. Aliweka sahihi yake pale ambapo wenye jengo walipita kila jioni bila kuiona.

Hao wenye tiketi za msimu walikuwa akina nani?

Wanaume matajiri, wengi wao wenye mabenki, wanasiasa na watu wa koo kubwa. Walikuwa na mlango wao upande wa mashariki, loji zao, yaani vile vijumba vya watazamaji vinavyozunguka ukumbi, na haki moja ambayo leo tunaitaja kwa uchungu. Nyuma ya jukwaa kuna chumba kilichopambwa kwa dhahabu na vioo, kinachoitwa Foyer de la Danse. Wachezaji walijinyoosha viungo humo kabla ya kuingia jukwaani, na wenye tiketi za msimu waliruhusiwa kuingia kuwatazama na kuzungumza nao.

Wasichana wengi wa baleti walitoka familia maskini. Mshahara ulikuwa mdogo, mama alikuwa akimtegemea binti yake, na mwanaume mwenye fedha angeweza kumlipia binti kodi, nguo na masomo ya ziada, kwa bei yake. Kila mtu alijua. Edgar Degas, aliyewachora wachezaji hao kwa miongo kadhaa, mara nyingi aliweka pembeni ya picha mwanaume mwenye suti nyeusi na kofia ndefu, amesimama tu, anasubiri. Katika miaka ya 1930 mlango huo ulifungwa kwa wageni wa aina hiyo.

Chumba chenyewe hakimo katika matembezi ya kawaida. Kinaonekana kwa umma katika gwaride la baleti, pale ukuta wa nyuma ya jukwaa unapofunguliwa na kikosi kizima, kuanzia watoto wa shule ya baleti hadi wachezaji wenye cheo cha juu cha étoile, kinatembea kutoka kule ndani kuja mbele. Ukipata tiketi ya usiku kama huo, usiikose.

Thurea ilianguka kweli? Na mzuka je?

Thurea, ile taa kubwa ya shaba na vioo inayoning'inia katikati ya ukumbi, ina uzito wa takriban tani 7, na haijawahi kuanguka. Kilichoanguka, tarehe 20 Mei 1896, ni mojawapo ya vyuma vizito vya kuisawazisha. Kilitoboa dari wakati wa onyesho na kumuua mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu.

Leroux, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuwa mtunzi, aliunganisha ajali hiyo, maji ya chini na vyumba vingi visivyo na mwanga, akaandika riwaya ya mzuka wa opera iliyotoka gazetini kwa mfululizo kuanzia 1909. Mlango wa loji namba 5 una kibao kinachoitaja kuwa ya mzuka. Watalii hupanga foleni kupiga picha hapo. Hakuna ubaya, ila mimi ningependa wamkumbuke pia yule mama wa 1896, aliyekufa kweli.

Kwa nini dari la ukumbi lina picha ya kisasa?

Mwaka 1962 hivi, André Malraux, waziri wa utamaduni, alimwomba Marc Chagall achore dari jipya. Kelele zilikuwa nyingi. Wengine walisema picha ya kisasa italiharibu jengo la karne iliyopita, wengine hawakuona kwa nini apewe mchoraji aliyezaliwa ng'ambo, kwani Chagall alizaliwa mwaka 1887 katika eneo ambalo leo ni Belarus, kwenye familia ya Kiyahudi. Alikuwa na miaka 77 dari lilipozinduliwa tarehe 23 Septemba 1964, na hakudai malipo ya kazi yake.

Dari la zamani, lililochorwa na Jules-Eugène Lenepveu, halikufutwa. Liko juu ya hili jipya, limefunikwa. Kazi ya Chagall imebandikwa kwenye fremu zilizofungwa chini yake, zaidi ya mita za mraba 200, na imewakumbuka watunzi 14 wa muziki, kila kundi na rangi yake. Mozart na Mussorgsky wako kwenye buluu, Wagner na Berlioz kwenye kijani, Ravel na Stravinsky kwenye nyekundu, Tchaikovsky na Adam kwenye njano, Rameau na Debussy kwenye nyeupe. Utaona pia Mnara wa Eiffel, na Palais Garnier lenyewe likichungulia.

Je, limefaa? Kwa macho yangu, ndiyo. Ukumbi umejaa mahameli nyekundu na dhahabu nzito, na rangi zile nyepesi juu zinaupa pumzi.

Zile sanamu za nje zina maana gani?

Juu kabisa ni Apollo, mungu wa Kigiriki wa muziki, akiinua kinubi. Kinubi hicho ndicho kinachokinga jengo na radi. Pembeni kuna makundi mawili yaliyopakwa dhahabu, Upatanifu na Ushairi. Kati ya nguzo kuna sura za watunzi, wakiwamo Mozart, Beethoven na Rossini.

Iliyozua vurugu ni ile ya Jean-Baptiste Carpeaux iitwayo La Danse, upande wa kulia wa mlango, iliyowekwa 1869. Wanawake uchi wanacheza mduara wakicheka, na watu wa heshima wakasema ni aibu. Mtu asiyejulikana akaja usiku akairushia chupa ya wino. Wakataka kuiondoa, vita vikaingia, ikasahauliwa mahali pake. Inayoonekana leo ni nakala ya Paul Belmondo, baba wa mwigizaji Jean-Paul Belmondo. Jiwe halisi, ambalo moshi wa jiji ulikuwa umeanza kulila, limehifadhiwa katika makumbusho ya Orsay.

Nimesikia kuna nyuki juu ya paa na sauti zilizozikwa chini. Ni kweli?

Yote mawili. Mizinga ya nyuki iliwekwa juu ya paa miaka ya 1980 na mfanyakazi wa idara ya vifaa vya jukwaani, na asali yake imekuwa ikiuzwa katika duka la jumba. Nyuki wa mjini hufanya vizuri kwa sababu bustani za Paris zina maua ya kila namna.

Ama sauti, tarehe 24 Desemba 1907 rekodi 24 za gramafoni ziliwekwa ndani ya vyombo vya chuma vilivyofungwa, zikafichwa chini ya jumba, kwa sharti la kutofunguliwa kwa miaka 100. Miongoni mwake kulikuwa na sauti ya Enrico Caruso. Waliofanya hivyo walitaka watu wa karne inayofuata wasikie waimbaji wa wakati wao. Vyombo vilihamishiwa Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, vikafunguliwa muda ulipotimia, na rekodi zikasikika.

Nitaingiaje kama mtalii?

Matembezi ya mchana yapo karibu kila siku ya mwaka, isipokuwa tarehe 1 Januari na 1 Mei na siku za shughuli maalumu. Kwa kawaida ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ratiba yao itasomeka 10:00 na 17:00, usichanganye. Wakati mwingine hufungwa mapema kwa sababu ya onyesho la mchana.

Mlango wa watalii uko kona ya Rue Scribe na Rue Auber. Metro ya kituo cha Opéra, njia za 3, 7 na 8, inakutoa mbele ya jumba kabisa, na treni ya RER A ina kituo cha Auber jirani. Nunua tiketi mapema kwenye tovuti ya Opera ya Paris, kwa saa maalumu, maana foleni ya mlangoni ni ndefu hasa wakati wa likizo. Unaweza kutembea mwenyewe, kukodi kifaa cha maelezo ya sauti, au kujiunga na kundi la mwongozaji. Masanduku na mizigo mikubwa hairuhusiwi, na hakuna mahali pa kuiacha.

Tiketi hiyo inakuingiza pia kwenye maktaba na makumbusho yaliyomo katika ile sehemu iliyojengwa kwa ajili ya Kaisari. Wengi huipita haraka. Kuna vifani vidogo vya mandhari za opera za kale, vya karatasi na mbao, vilivyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na kwangu hivyo vinaeleza kazi ya jukwaa kuliko maelezo yoyote.

Nina hakika ya kuuona ukumbi wenye viti?

Hapana, na hili ndilo linalowavunja moyo watu wengi. Jumba linafanya kazi. Mafundi wakiwa wanafunga mandhari au wachezaji wakiwa mazoezini, ukumbi hufungwa bila kujali tiketi yako. Tovuti hutaja mapema siku ambazo hautaonekana, kwa hiyo itazame kabla ya kulipa. Hata ukiwa wazi, mara nyingi utatazama kupitia mlango wa loji na taa zikiwa zimepunguzwa. Subiri kidogo macho yazoee.

Afadhali matembezi ya mchana au onyesho la jioni?

Ukiweza kimoja tu, chagua onyesho. Milango hufunguliwa takriban saa nzima kabla, na wakati huo unazunguka ngazi na sebule huku zimewashwa taa na watu wamevaa, kama Garnier alivyokusudia. Maonyesho mengi huanza saa moja na nusu jioni. Fika mapema, ukichelewa utasubiri nje hadi mapumziko.

Kuhusu viti, kuwa mwangalifu. Ukumbi una umbo la kiatu cha farasi na nafasi zinazokaribia 2,000. Loji za pembeni zinatazamana zenyewe kwa zenyewe, jukwaa linaonekana kwa kujipinda shingo, na safu za nyuma ndani ya loji huona nusu yake tu. Hizo ndizo tiketi za bei nafuu, na tovuti huonya kwamba mwonekano ni hafifu au hakuna. Kwa opera unaweza kuvumilia, kwa kuwa sauti inafika. Kwa baleti, lipa kidogo zaidi ukae usawa wa katikati, hata kama ni juu. Ukiwa juu utaona pia mteremko wa jukwaa, asilimia 5 kuelekea kwa watazamaji, ambao mchezaji anapaswa kuuhesabia katika kila mzunguko.

Tazama pia pazia kabla halijapanda. Mikunjo na nyuzi za dhahabu unazoziona zimechorwa kwa brashi juu ya turubai.

Nivae nini, na nitaelewa chochote?

Hakuna sharti la mavazi. Vaa nadhifu, ukipenda kujipamba jipambe, hakuna atakayekushangaa. Opera huwa na maandishi ya Kifaransa na Kiingereza juu ya jukwaa, baleti haihitaji. Picha zinaruhusiwa wakati wa matembezi bila kutumia mwanga wa kamera, lakini wakati wa onyesho simu izimwe kabisa.

Wenye kutumia viti vya magurudumu wana mlango wao, ila wawasiliane na jumba kabla ya siku yenyewe, kwani jengo la 1875 lina ngazi kila mahali na lifti haifiki kote.

Je, ni kweli jumba litafungwa kwa matengenezo?

Uongozi wa Opera umetangaza mpango wa kulifunga jukwaa la Garnier kwa takriban miaka miwili kuanzia 2027, ili mitambo yake itengenezwe upya. Ratiba za ujenzi mkubwa husogea, kwa hiyo anayepanga safari ya kipindi hicho athibitishe kwenye tovuti kabla ya kununua tiketi ya ndege, si baada yake.

Ukikuta limefungwa, vuka mto Seine uende makumbusho ya Orsay. Mbali na ile sanamu halisi ya Carpeaux, huko kuna kifani kikubwa cha Palais Garnier kilichokatwa katikati kwa urefu, kinachoonyesha jinsi sehemu ya jukwaa na mitambo yake ilivyo kubwa kuliko ile ya watazamaji. Hata aliyewahi kuingia Garnier lenyewe hawezi kuliona hilo, maana mgeni haruhusiwi kufika huko nyuma.